KALASI MOJA, MZAZI MMOJA

Leo tunaeleza urithi katika Java, luga ya kompyuta iliyotoka mwaka 1995. Kalasi hapa si chumba. Ni kiolezo cha kutengenezea vitu vya namna moja.

Tuliandika kalasi Mwanafunzi: jina, mwaka wa kuzaliwa, pointi. Kisha kalasi Kapita ikairithi kwa neno «extends». Ikapata vyote bila kuviandika tena. Tukaongeza ufunguo tu. Halafu tukamufanya Mwalimu mtoto wa Mwanafunzi, sababu yeye pia iko na jina. Programu ikamutolea Mwalimu pointi: ziro! Tulicheka, lakini kosa lilikuwa letu.

C++ inakubali wazazi wengi. Java inakubali kalasi mzazi mmoja tu: kama wazazi wawili wana kazi ya jina moja, mtoto afuate nani? Basi yule mmoja tumuchague vizuri. Tujiulize: Kapita ni mwanafunzi? Ndiyo. Mwalimu ni mwanafunzi? Hapana. Tukaweka kalasi Mtu juu yao, yenye jina na mwaka. Pointi zikabaki kwa Mwanafunzi.

Zoezi: Mupishi wa shule atarithi kalasi gani?

Sisi wakubwa wenu wa mwaka wa sita.