Kitenzi "Chimba": Asili na Mnyambuliko Wake

Mwalimu wa Kiswahili aliyeko Makongolosi, wilayani Chunya, hana haja ya kwenda mbali kutafuta kitenzi cha kufundishia mnyambuliko. Dhahabu imechimbwa katika eneo hilo la Lupa tangu miaka ya 1920, na watoto, ingawa nyumbani husema lugha mbalimbali, hulijua neno chimba kabla ya kuingia darasani.

Asili

Chimba ni kitenzi chenye asili ya Kibantu. Mzizi wake ni -chimb-, na kiishio -a hugeuka kuwa -i katika ukanushi wa wakati uliopo: anachimba, hachimbi. Vitenzi vilivyotoka katika Kiarabu, kama safiri, havigeuki hivyo: anasafiri, hasafiri. Wanafunzi wazitamke kwanza jozi hizi mbili, ndipo waulizwe kanuni.

Mnyambuliko

Kauli tatu za mwanzo hazina taabu:

Kutendea: Baba anamchimbia babu kisima.
Kutendwa: Kisima kimechimbwa.
Kutendeka: Ardhi hii ya mawe haichimbiki.

Taabu huanza katika kauli ya kutendua. Darasa limekwisha kujifunza kwamba fungua hupindua funga, na kunjua hupindua kunja. Mwalimu akiuliza maana ya chimbua, huenda mwanafunzi hodari akajibu, "Ni kufukia shimo." Jibu si sahihi, lakini mwalimu asimcheke wala asimwadhibu, kwani amefuata kanuni aliyopewa. Kosa ni la kanuni iliyofundishwa nusu. Mara nyingi kiambishi -u- hupindua tendo, lakini pengine hueleza kukitoa kitu mahali kilipofichika. Achimbaye huelekea chini. Achimbuaye hukileta juu kilichokuwa chini: Nguruwe wamechimbua mihogo. Kufukia nako kuna kinyume chake, nacho ni kufukua.

Katika chimbua tunapata chimbuka, yaani kutokea, na jina chimbuko, yaani asili. Hivyo neno tulitumialo kuulizia asili ya maneno, lenyewe limetoka shimoni. Majina mengine ni mchimbaji, uchimbaji na machimbo.

Mwalimu basi asitoe orodha ya kukaririwa. Atoe sentensi, asikilize sababu ya kila jibu, ndipo asahihishe.

Zoezi

1. Nyambua ziba, tega na choma katika kauli ya kutendua.
2. Kwa nini twasema chomoa, na si chomua?
3. Tunga sentensi mbili zinazotofautisha chimba na chimbua.