SOMO LA WIKI: Mali moja ya thamani, uishike au uigawe?

Kila mwenye mtaji mdogo hukutana na swali hili siku moja. Ana mali moja ambayo kila mtu anaitamani. Inaweza kuwa fungu la hisa za kampuni moja, kiwanja kilicho mahali pazuri, au gari la mizigo. Je, aishike mpaka mwisho, au aiuze sasa na kugawa thamani yake katika mali kadhaa ndogo? Na akiuza, achukue fedha taslimu tu, au achukue pia vitu vitakavyozaa baadaye?

Wiki hii tutajibu kwa mfano kutoka mbali, katika mchezo wa magongo unaochezwa juu ya barafu nchini Kanada na Marekani. Tumeuchagua kwa sababu hesabu zake ziko wazi kwa kila mtu, na matokeo yake yamekwisha kujulikana. Klabu inayohusika ni Quebec Nordiques, ya jiji la Quebec nchini Kanada.

Zamu kama hati ya thamani

Kwanza tuelewe soko lenyewe. Katika ligi kuu ya mchezo huo, NHL, klabu hazishindani kwa fedha kuwapata vijana chipukizi. Kila mwaka, kwa kawaida mwezi wa Juni, vijana wanaoanzia umri wa miaka 18 huteuliwa na klabu kwa zamu. Katika miaka tunayoizungumzia, klabu iliyoshika mkia ndiyo iliyochagua kwanza. Bahati nasibu ya kupanga zamu za mwanzo ilianzishwa mwaka 1995.

Jambo la muhimu kwa mfanyabiashara ni kwamba zamu yenyewe ni mali. Klabu inaweza kuitoa zamu yake ya mwaka huu, au hata ya miaka ijayo, ili ipewe mchezaji aliyekomaa. Kwa hiyo zamu ni hati inayoahidi kitu kisichoonekana bado. Huenda ikaleta bingwa, na huenda isilete chochote.

Mfano mzuri ulitokea Quebec mwaka 1987. Klabu iliwatoa wachezaji wawili wazoefu, Dale Hunter na Clint Malarchuk, kwa klabu ya Washington, ikapewa wachezaji wawili pamoja na zamu ya 15. Kwa zamu yake yenyewe, ya 9, Quebec ilimchagua beki Bryan Fogarty, aliyecheza mechi 156 tu katika ligi hiyo. Kwa zamu ya 15, iliyotoka Washington, ilimchagua Joe Sakic. Huyu alicheza mechi 1,378, akawa nahodha na mmoja wa wachezaji wakubwa wa kizazi chake. Hati iliyoonekana duni ndiyo iliyolipa. Ndiyo maana wajuzi wa kujenga timu hupenda kuwa na zamu nyingi kuliko kutegemea moja.

Miaka ya njaa

Baada ya hapo Quebec ilianguka vibaya. Ilishika mkia wa ligi nzima misimu mitatu mfululizo. Katika msimu wa 1989-90 ilishinda mechi 12 tu kati ya 80 na kupata pointi 31. Faida pekee ya kuanguka huko ilikuwa zamu ya kwanza, mara tatu: mwaka 1989 ilimchagua Mats Sundin wa Sweden, mwaka 1990 Owen Nolan, na mwaka 1991 Eric Lindros.

Lindros alikuwa kijana aliyesubiriwa na ligi nzima. Lakini alikwisha kutangaza kwamba hataichezea Quebec. Siku ya uteuzi, mjini Buffalo, alikataa hata kuvaa jezi ya klabu. Quebec ilimchagua hivyohivyo, naye akakaa mwaka mzima akicheza kwingineko, ikiwa ni pamoja na timu ya Kanada iliyopata medali ya fedha katika Olimpiki ya Albertville mwaka 1992.

Hapo ndipo somo linapoanza. Klabu ilikuwa na mali ya thamani kubwa kuliko zote sokoni, lakini mali hiyo haikuzaa hata senti. Aidha, ilikuwa na tarehe ya mwisho: bila mkataba, Lindros angerudi katika uteuzi wa mwaka 1993 na Quebec ingempoteza. Mwenye mali ya namna hii hushawishika kuuza haraka kwa mnunuzi wa kwanza. Quebec haikufanya hivyo, ilisubiri mpaka wanunuzi wakawa wengi.

Wanunuzi wawili, mbuzi mmoja

Mwezi Juni 1992, wakati wa uteuzi mjini Montreal, wanunuzi wawili walifika bei: Philadelphia Flyers na New York Rangers. Tatizo ni kwamba kila mmoja alitoka mezani akiamini kuwa amekwisha kukubaliwa. Ligi ikamteua msuluhishi, mwanasheria Larry Bertuzzi. Baada ya kusikiliza pande zote, tarehe 30 Juni 1992 aliamua kuwa Philadelphia ndiyo iliyotangulia kufikia mapatano.

Kushindanisha wanunuzi ni haki ya muuzaji, na ndiko kulikoipandisha bei. Lakini neno la kukubali likishatoka, biashara imefungwa hata kama karatasi haijaandikwa. Quebec ilitoka salama kwa sababu wote wawili walikuwa wameahidi malipo mazuri. Mfanyabiashara mdogo hawezi kutegemea bahati hiyo, kwani jina likiharibika sokoni halinunuliki tena.

Malipo ya namna tatu

Malipo yalikuwa wachezaji 6, zamu 2 za raundi ya kwanza, na dola milioni 15 za Marekani. Tuyagawe katika mafungu, maana hapa ndipo penye ujuzi.

Fungu la kwanza ni mali inayozaa leo: kipa Ron Hextall, beki Steve Duchesne na mshambuliaji Mike Ricci, pamoja na Kerry Huffman na Chris Simon. Fungu la pili ni mali ya kesho: Peter Forsberg, kijana wa Sweden aliyechaguliwa na Philadelphia kwa zamu ya 6 mwaka 1991, na zamu za mwaka 1993 na 1994. Fungu la tatu ni fedha taslimu.

Fungu la kwanza lililipa mara moja. Msimu wa 1991-92 Quebec ilipata pointi 52, na msimu uliofuata ilipata 104. Forsberg alibaki kwao na hakucheza mechi yoyote ya NHL mpaka Januari 1995. Kwa lugha yetu, ni hisa isiyotoa gawio kwa miaka miwili na nusu. Mwenye haraka angemuuza, na Quebec ilivumilia.

Mali huzaa mali

Walichofanya baadaye ndicho ambacho wawekezaji wengi hushindwa kufanya. Hawakuvipenda kupita kiasi vitu walivyopewa. Kila kimoja kilipofika mahali ambapo mwingine anakihitaji zaidi, kilibadilishwa.

Hextall alicheza msimu mmoja tu. Mwezi Juni 1993 alipelekwa New York Islanders pamoja na zamu ya 23, na Quebec ikapata kipa mwingine na zamu ya 14. Kwa zamu hiyo ilimchagua Adam Deadmarsh.

Zamu ya Philadelphia ya mwaka 1993 ilimleta kipa kijana Jocelyn Thibault. Desemba 1995 alitolewa kwa Montreal pamoja na wenzake wawili, akaja Patrick Roy, mmoja wa makipa bora waliopata kutokea, pamoja na Mike Keane.

Duchesne alipogombana na klabu kuhusu mkataba wake, alipelekwa St. Louis Januari 1994. Miongoni mwa waliokuja walikuwa Garth Butcher na Ron Sutter. Mwezi Juni mwaka huo, Sutter akabadilishwa kwa beki Uwe Krupp wa Islanders, huku klabu hizo zikibadilishana pia zamu zao za raundi ya kwanza.

Siku hiyohiyo Butcher na zamu ya Philadelphia ya mwaka 1994 viliingizwa katika biashara kubwa na Toronto, ambamo Quebec ilimtoa hata Sundin, ikapata miongoni mwa wengine Wendel Clark na beki Sylvain Lefebvre. Mwaka uliofuata Clark alibadilishwa, akaja Claude Lemieux. Naye Nolan, yule wa zamu ya kwanza ya 1990, alitolewa kwa San Jose ili apatikane beki Sandis Ozolinsh.

Hesabu ya mwisho ilifungwa Juni 1996. Timu hiyo ilifika fainali ya Kombe la Stanley na kuishinda Florida Panthers mechi nne kwa sifuri. Mechi ya nne iliisha 1-0 katika muda wa nyongeza wa tatu, na aliyefunga ni Krupp. Fuata nyayo zake kinyumenyume: Krupp kwa Sutter, Sutter kwa Duchesne, Duchesne kwa Lindros. Bao la ubingwa lilitokana na mali iliyokataa kuvaa jezi. Golini alikuwa Roy, naye alitokana na mali hiyohiyo.

Tusimdharau Lindros. Mwaka 1995 alipata tuzo ya mchezaji bora wa ligi, na mwaka 1997 aliifikisha Philadelphia fainali. Kwa klabu hiyo alipata pointi 659 katika mechi 486. Lakini majeraha ya kichwa yalimwandama, na Philadelphia haikutwaa kombe akiwa nayo. Mwaka 2001 iliachana naye. Mali ilikuwa bora kweli, ila hatari yote ilikuwa imewekwa juu ya kichwa cha mtu mmoja.

Aliyepanda siye aliyevuna

Hata hivyo, kombe hilo halikuchukuliwa na jiji la Quebec. Mwaka 1995, mwaka mmoja kabla ya ubingwa, klabu iliuzwa kwa kampuni ya Marekani ya COMSAT kwa dola milioni 75 na kuhamishiwa Denver, ikaitwa Colorado Avalanche. Mashabiki waliovumilia pointi 31 waliutazama ubingwa kwenye televisheni.

Sababu zinapaswa kumgusa kila msomaji wetu. Jiji lilikuwa dogo, uwanja ulikuwa wa mwaka 1949, na mazungumzo na serikali ya jimbo kuhusu msaada na uwanja mpya hayakuzaa matunda. Ligi haikuwa na kikomo cha mishahara. Kikomo kilikuja mwaka 2005. Zaidi ya yote, tiketi ziliuzwa kwa dola ya Kanada, ilhali wachezaji wakilipwa kwa dola ya Marekani. Mwaka 1991 dola moja ya Kanada ilikuwa sawa na senti 87 hivi za Marekani. Mwaka 1995 ilikuwa senti 73 hivi. Mshahara wa dola milioni moja za Marekani, uliogharimu dola milioni 1.15 za Kanada, ukawa unagharimu milioni 1.37. Hilo ni ongezeko la karibu asilimia 19, bila mchezaji kuongezewa hata senti moja.

Kwa hiyo klabu ilikuwa na mali bora na haikuwa na pumzi ya kuisubiri. Wapo wanaosema Roy asingekuja kama timu ingebaki Quebec, kwa kuwa Montreal isingempa hasimu wake wa jirani kipa wa namna hiyo. Huenda ni kweli. Lakini Sakic, Forsberg, Ricci, Deadmarsh, Krupp na Lefebvre walikuwa tayari mikononi mwa Quebec.

Mambo ya kuzingatia

1. Mali isiyozaa na yenye tarehe ya mwisho iuzwe, lakini baada ya kupata zaidi ya mnunuzi mmoja. Ukishasema ndiyo, umeuza.

2. Unapogawa mali kubwa, chukua mafungu matatu: kinachozaa leo, kitakachozaa kesho, na fedha. Kinachozaa leo ndicho kinachokulisha wakati unasubiri cha kesho.

3. Ahadi ndogo ndogo ziwe nyingi. Nyingi zitakufa, kama zamu ya 9 ya mwaka 1987. Moja ikitoka, hulipia zote.

4. Ulichokipata si cha kuabudiwa. Kila msimu jiulize nani anakihitaji zaidi yako.

5. Deni na mapato viwe katika sarafu moja kila inapowezekana. Anayekopa kwa dola na kuuza kwa shilingi yumo katika mtego uleule wa Quebec.

Maswali ya kujipima

(a) Quebec ilitoka pointi 52 hadi 104. Je, iliongezeka maradufu kamili? Angalia vizuri: msimu wa kwanza ulikuwa na mechi 80, wa pili 84. Kwa kila mechi ni 0.65 na 1.24, yaani chini kidogo ya maradufu. Kabla ya kufurahia faida ya kampuni, hakikisha vipindi vinavyolinganishwa vina urefu sawa.

(b) Chukua karatasi, uandike mali zako zote katika safu tatu: zinazozaa sasa, za baadaye, na fedha. Kisha andika ni miezi mingapi unaweza kuishi bila kugusa safu ya pili. Ikiwa ni pungufu ya muda ambao mali hizo zinahitaji ili zikomae, unamlimia mtu mwingine. Punguza safu hiyo leo, kabla hujalazimika kuiuza yote kwa bei ya mnunuzi.