Mkebe wa Mkaa Ndani ya Gari

Je, umewahi kupita karibu na gari lililoanikwa juani tangu asubuhi, ukasikia harufu ya petroli? Wengi husema, "Ah, tangi linavuja." Huenda halivuji hata tone. Petroli hugeuka mvuke upesi, na jua likiwaka, mvuke huo hutanuka na kutafuta njia ya kutokea.

Zamani uliachwa uende zake. Kule Los Angeles, Marekani, mwanasayansi Arie Haagen-Smit alionyesha mapema katika miaka ya 1950 kwamba mvuke wa petroli na moshi wa magari, vikipigwa na jua, huzalisha ukungu wenye ozoni, unaowasha macho na kubana kifua. Jimbo la California likaamuru magari ya modeli ya 1970 yauzuie mvuke huo. Nchi nzima ikafuata kwa modeli za 1971.

Na dawa yenyewe? Mkaa! Si huu wa jikoni, bali uliotengenezwa ukawa na vitundu vidogo visivyohesabika. Ukikunjua kuta za vitundu vya gramu moja tu, utapata zaidi ya mita 500 za mraba, yaani viwanja vitatu vya voliboli! Mkaa hutiwa katika mkebe. Mpira kutoka kwenye tangi unaleta mvuke, mkaa unaunasa. Injini ikishapata moto, vali inafunguka, injini inavuta hewa safi kupitia mkebe, na hewa hiyo inabeba mvuke ukachomwe pamoja na petroli nyingine. Petroli uliyoilipia haipotei.

Mjomba wangu alinunua gari kuukuu. Fundi mmoja akaung'oa mkebe, eti ni pambo tu, akauacha mpira wazi. Basi gari likawa linalala ubavuni mwa jiko la kuni. Mvuke wa petroli ni mzito kuliko hewa. Hutambaa chini, na cheche moja yatosha. Tuliposikia harufu usiku, tulilisukuma gari hadi barabarani, watoto na wazee!

Fundi wa pili alifunga mkebe mwingine, akamwonya mjomba: bomba la kituoni likijifunga lenyewe, asimwambie mhudumu aongeze "kidogo tu", kwani petroli yenyewe ikifika kwenye mkebe, mkaa huloa ukaharibika. Siku hizi mjomba akisikia "tak!" anatoa pesa.