Kilicho Chini ya Kitanda

Mdogo wangu, barua yako nimeisoma mara mbili, ya pili nikiwa nimesimama jikoni mpaka chai ikapoa.

Kwa wengine mnaosoma: huyu mdogo wetu yuko mwaka wa kwanza katika chuo kimoja hapa Morogoro, anakaa hosteli, chumba cha watu wanne. Mwenzake ana hita ya kuchemshia maji, anaiweka chini ya kitanda ikiwa imeviringishwa kwenye taulo. Ijumaa na Jumamosi anarudi na konyagi aliyoimimina kwenye chupa ya maji, wanakunywa watatu, mlango umekomelewa kwa ndani na chini ya mlango pamezibwa kwa kanga ili wadeni asisikie. "Dada, nikisema nitaonekana mmbea. Nikinyamaza, usingizi hauji. Nifanyeje?"

Nianze na hita, maana hiyo naielewa mpaka kwenye mifupa. Juni na Julai, upepo ukishuka kutoka Uluguru alfajiri, maji ya bomba Morogoro yanakata ngozi. Una kipindi saa moja asubuhi, umepanga foleni ya bafu, na dukani hita inauzwa bei ambayo hata bumu la mkopo likiwa limeisha unaweza kuchangisha. Mtu anayenunua hita si mhalifu. Anasikia baridi.

Shida ni kwamba hakuna aliyetueleza vizuri. Ile karatasi tunayosaini siku ya kupewa ufunguo huandika hita hapana, jiko hapana, mshumaa hapana, pombe hapana, halafu hapo hapo muziki wa sauti kubwa hapana na wageni baada ya saa nne hapana. Unaisoma unadhani yote ni mambo ya adabu. Na sisi tukayachukua kama adabu: kitu cha kukwepa ilimradi usionekane.

Nilipokuwa mwaka wa pili, chuo sitakitaja, tulikuwa watano katika chumba cha wanne. Wa tano tulikuwa tumembeba, hakupata chumba na hatukuwa na moyo wa kumwacha nje. Usiku mmoja umeme ukakatika. Ilikuwa siku ya kuzaliwa ya mwenzetu na bumu lilikuwa limeingia juzi yake. Mshumaa tuliusimika kwenye kifuniko cha kopo juu ya meza, na pembeni yake chandarua cha kitanda cha chini kilikuwa kimefungwa fundo. Fundo likafunguka. Chandarua hakiungui kama karatasi. Kinayeyuka, kinadondosha matone, na kila tone linaanguka likiwa linawaka. Mwenzetu mmoja, ambaye usiku ule hakuwa ameonja hata funda, akadaka chupa ya maji iliyokuwa kando ya kitanda akaimwaga juu ya moto.

Hayakuwa maji.

Konyagi ina kilevi asilimia 35, na kwa joto la Morogoro mvuke wake unashika moto. Mwali ulimpanda mkono kuanzia kiganjani hadi kwenye kiwiko. Tuliuzima kwa blanketi na ndoo ya nguo tulizokuwa tumeloweka. Dakika mbili, pengine hazikufika. Kisha tukabaki tumesimama gizani, watano, chumba kinanuka plastiki, kila mtu anasikia pumzi ya mwenzake.

Hapa ndipo ninapotaka unisikilize, maana moto haukuwa sehemu mbaya kuliko zote za usiku ule. Wadeni alikuwa ghorofa ya chini. Zahanati haikuwa mbali. Hatukwenda. Tulifungua dirisha moshi utoke, tukamficha yule tuliyembeba bafuni, tukatupa chupa, tukampaka mwenzetu dawa ya meno mkono mzima, na mmoja wetu akamshikia mto aung'ate asilie kwa sauti. Tukakaa hivyo mpaka kukapambazuka. Mkono ulitunga usaha. Alichohitaji dakika ile ile kilikuwa maji safi ya bomba yatiririke juu ya jeraha kwa dakika 20, kitambaa safi, na mtu wa kumpeleka hospitali. Maji yalikuwepo, hatua kumi kutoka pale tulipokaa. Ana kovu mpaka leo na huvaa mikono mirefu hata Februari.

Tulimwogopa wadeni kuliko tulivyouogopa moto. Nimeishi na jambo hilo miaka mingi, na ndilo ninalotaka kukwambia wewe na wenzako: katika vyumba vyetu kinachoua mara nyingi ni kuficha. Hita iliyo ndani ya ndoo, mtu amesimama karibu, ni hatari. Hita iliyochomolewa ikiwa bado ya moto na kuviringishwa taulo kwa sababu viatu vimesikika kwenye korido ni hatari mara kumi. Mtu aliyelewa sebuleni mbele za watu ataonekana akizidiwa. Aliyelewa nyuma ya mlango uliokomelewa haonekani. Mtu mliyembeba, jina lake haliko kwenye orodha yoyote, hakuna atakayemhesabu wala kumtafuta.

Tazama ulichoniandikia, halafu fikiria moto ukianza mmelala. Watu wengi hudhani moshi utawaamsha. Hauamshi. Ndani yake kuna hewa ya sumu, kaboni monoksaidi, isiyo na harufu, na aliyelala inamzamisha kwenye usingizi mzito zaidi. Kinachomwamsha mtu ni kelele, mwenzake kukohoa, bega kutikiswa. Mwenye konyagi kichwani hata hayo hayasikii. Kwa hiyo usiku wa Ijumaa, chumba chenu cha watu wanne kina mtu mmoja tu anayeweza kuamka. Ni wewe. Ndiyo maana usingizi hauji, mdogo wangu. Huo si umbea, ni akili yako inafanya kazi.

Wazazi wetu wanaikumbuka Shauritanga. Juni 1994, kule Rombo, bweni la sekondari ile liliungua usiku na wasichana zaidi ya 40 wakafa. Agosti 2009 ikawa zamu ya Idodi, Iringa, wasichana 12, na chanzo kilichotajwa ni mshumaa wa mwanafunzi aliyekuwa akijisomea. Hakuwa mhuni. Alikuwa anasoma. Kwa jirani zetu Kenya, Machi 2001, wavulana 67 waliteketea Kyanguli, Machakos. Moto ule uliwashwa makusudi, lakini bweni lilikuwa na milango miwili, mmoja ukiwa umefungwa, na madirisha yakiwa na nondo. Na sisi wa Morogoro tuna 10 Agosti 2019, pale Msamvu, lori la mafuta lilipopinduka, likalipuka, na watu zaidi ya 100 wakafa. Katika mji huu hapafai kuwa na mtu anayehitaji kuelezwa kwamba mvuke unawaka kabla hujaona kitu.

Kuhusu pombe yenyewe sitakuhubiria. Kwa wengi wenu dini imeshamaliza mjadala, na nawaheshimu. Kwa mwenye miaka 18 na zaidi, sheria ya nchi haimkatazi kunywa, chuo ndicho kinachomkataza kunywa chumbani, na nikikumbuka kile chandarua nasema chuo kina haki. Kinachonitisha zaidi ni ile chupa ya maji. Tangu viroba, vile vifuko vidogo vya pombe kali, vipigwe marufuku Machi 2017, kinywaji kinahama: kinatoka kwenye chupa yenye jina na kuingia kwenye chupa isiyojieleza, kinawekwa kando ya kitanda pamoja na maji ya kunywa. Mwambie mwenzako, hata kama hatasikia lingine lolote, alisikie hili.

Na ikitokea mmoja amezidiwa, msimwogeshe maji baridi, msimpe kahawa wala limau mkaamini yamekwisha. Kilevi kinatoka mwilini kwa muda wake. Mlazeni kwa ubavu, goti moja limekunjwa mbele, ili akitapika asipaliwe, na mtu akae naye. Mtu, si mlango uliofungwa. Asipoamka mkimtikisa, akipumua taratibu kwa kukatika katika, au ngozi ikiwa ya baridi, huyo ni wa hospitali, saa yoyote iwe. Wala msimkabidhi kwa kijana yeyote anayejitolea "kumsindikiza". Mnaelewa ninachosema.

Sasa umeme. Someni kibandiko cha hita: wati 2000, nyingine 2500. Plagi ya pini tatu yenye fyuzi ya ampea 13 inabeba kama wati 3000. Chomeka hita ya 2000 na pasi ya 1200 kwenye ekstensheni moja, mmeshavuka. Fyuzi ikikatika inakuwa imefanya kazi yake. Nimeshuhudia vijana wakiibadilisha kwa ile karatasi inayong'aa ya pakiti ya sigara, taa zikarudi, wakapigiana makofi. Kuanzia saa ile kinachopata moto ni waya wenyewe, na waya umepita chini ya godoro. Majengo mengine tunayolala ni ya zamani. Yale ya Mazimbu yalianza kujengwa na wapigania uhuru wa ANC ya Afrika Kusini mwishoni mwa miaka ya 1970, wakati mwanafunzi alikuwa na taa ya kusomea na redio. Leo chumba kimoja kina simu nne, kompyuta mbili, pasi, feni na hicho kilicho chini ya kitanda. Plagi ikiwa ya moto mkononi, chomoa. Ikianza kuwaka, zimeni swichi kuu kwanza, na maji yasikaribie.

Ninyi mlio geto, Mafiga au Changarawe, msidhani haya ni ya wenzenu wa hosteli. Kwenu hakuna hata wadeni. Muulizeni mwenye nyumba swali moja: geti likifungwa saa nne, ufunguo unalala wapi? Kama jibu ni "kwangu", ombeni wa pili. Angalieni dirisha lipi lina nondo zinazofunguka. Namba ya Zimamoto na Uokoaji ni 114, pigeni mapema, lakini kutoka mjini hadi Mzumbe ni zaidi ya kilomita 20, na godoro la sponji haliwezi kusubiri gari lifike. Mtatoka kwa miguu yenu, mmeinama chini ya moshi, mkigongea kila mlango mnaoupita.

Na mawadeni mnaosoma kona hii, mimi nawaheshimu, kazi yenu ni ngumu na usiku ni mrefu. Nawaomba kitu kimoja. Tangazeni wazi, mbele ya wanafunzi wote, kwamba anayepiga kelele za moto au anayemleta mwenzake aliyezidiwa hataulizwa usiku ule kuhusu hita wala chupa. Muulizeni kesho. Tungeambiwa maneno hayo sisi watano, tungeshuka zile ngazi.

Turudi kwako, mdogo wangu. Usianzie kwa wadeni, na usianzie Ijumaa usiku wakiwa wameshakunywa. Jumanne au Jumatano, mkiwa wawili tu, mwambie: "Naogopa kulala humu, kwa sababu nyote mkilala ni mimi peke yangu ninayeweza kuamka." Usitaje sheria. Mwambie mtachangia maji ya moto kantini, au mtaoga jioni maji yakiwa bado na joto la mchana. Mwambie chupa ikiingia chumbani iwe na jina lake, na mlango usikomelewe mtu akiwa amelewa.

Mpe wiki mbili. Zikipita na taulo bado liko chini ya kitanda, nenda kwa wadeni, lakini kabla hujaenda umwambie yeye mwenyewe, macho kwa macho, kwamba unakwenda na ni kwa nini. Atakasirika, pengine muhula mzima. Acha akasirike. Leo usiku, kabla ya kulala, toa ile kanga mlangoni, kisha tembea kutoka kitandani mpaka kwenye ngazi ukiwa umefumba macho, mkono ukutani, uhesabu milango. Uniandikie ni mingapi.