Jino la mbele lililotibiwa mzizi: je, kigingi cha dentini kinafaa?

Jino la mbele likishatibiwa mzizi maumivu huondoka, na wengi huona kazi imekwisha. Wanaendelea kumenyea muwa na kung'atia mifupa. Siku moja linakatika usawa wa ufizi, lawama zikamwendea daktari.

Husemwa kwamba jino lisilo na neva hukauka kama kuni. Sivyo hasa. Kinacholidhoofisha ni kupungua kwa mwili wake: sehemu iliyooza, iliyovunjika, na iliyotobolewa ili kusafisha mfereji wa mzizi. Chini ya enameli ipo dentini, ya manjano hafifu, ambayo hupinda kidogo mno unapouma kisha hurudi. Hiyo ndiyo inayobeba jino. Ikibaki ya kutosha, jino la mbele huzibwa tundu tu, wala halihitaji kigingi.

Lakini kichwa cha jino kikiwa kimekwisha, daktari hupachika kigingi ndani ya mzizi ili kishike jengo la juu na kofia yake. Hapa tusidanganyane: kigingi hushikilia, hakiupi mzizi nguvu mpya. Cha chuma cha pua ni kikaidi kupinda zaidi ya mara 10 kuliko dentini. Ukiuma, chenyewe hakipindi; nguvu hushukia ukuta mwembamba wa mzizi nacho hugeuka kabari. Mzizi ukipasuka kwa urefu, kwa kawaida jino hung'olewa. Ndiyo sababu vikaja vigingi vya nyuzi za kioo, vinavyokaribiana zaidi na dentini.

Baadhi ya wataalamu wakauliza: kwa nini isiwe dentini yenyewe? Jino lililong'olewa husafishwa, huuliwa vijidudu kwa mvuke wa shinikizo wa nyuzijoto 121, hukatwa kwa urefu, huchongwa kufuata umbo la mfereji, kisha hugundishwa kwa gundi ya rezini. Mwishoni mwa mzizi huachwa milimita 4 hadi 5 za kijazio, vijidudu visipenye. Kigingi hicho hupinda pamoja na mzizi, hakishiki kutu, wala hakitoi kivuli cheusi ufizini. Hata hivyo, ushahidi wake mwingi ni wa maabara na wa wagonjwa wachache, na uchongaji unataka mkono stadi. Usishangae kliniki yako ikikupa cha nyuzi za kioo. Ni chaguo zuri.

Jino linatoka kwa nani? Lako mwenyewe, mfano gego la mwisho lililokwisha kung'olewa, ndilo lenye utata mdogo. La mtu mwingine lina hofu ya maradhi endapo halikusafishwa vyema, na lina suala la kisheria pia. Muulize daktari asili yake, na muulize sheikh wako kabla ya kulala kwenye kiti.

Swali kubwa kuliko aina ya kigingi ni hili: juu ya ufizi imebaki dentini kiasi gani? Zikibaki kama milimita 2 kuzunguka jino, kofia hulikumbatia kama pete inavyokaza pipa. Zikikosekana, hata kigingi cha dentini kina kazi ngumu.

Na mtoto akianguka jino la mbele likameguka, kipande usikitupe. Kitie kwenye maziwa au maji safi, mpeleke kliniki siku hiyo hiyo. Mara nyingi huweza kugundishwa mahali pake.