SOMO LA TISA: TUUANDAE MWILI KABLA YA KUJIFUNGUA



Katika somo la nane tulisoma juu ya chakula cha mama mjamzito. Leo tutasoma juu ya jambo ambalo akina mama wengi hulisema kwa kunong'ona. Jambo hilo ni kuchanika wakati wa kujifungua.

Wengi huona haya kulitaja. Lakini haya haiponyi kidonda. Mama anayeona haya humficha mkunga maumivu yake, na mwishowe hupata madhara makubwa. Kwa hiyo tulisome jambo hili waziwazi na kwa heshima. Akina baba nao wasome. Mama anayeumia ni mke wao, ni dada yao, ni binti yao.

1. Msamba ni nini?

Msamba ni sehemu ya mwili iliyo kati ya uke na njia ya haja kubwa. Kwa nje una ngozi. Kwa ndani una misuli.

Mtoto anapozaliwa, kichwa chake huusukuma msamba. Msamba hutanuka na kuwa mwembamba ili kichwa kipite. Usipoweza kutanuka vya kutosha, huchanika.

Kuchanika kuna madaraja manne:

Daraja la kwanza: huchanika ngozi peke yake.
Daraja la pili: huchanika ngozi pamoja na misuli ya msamba.
Daraja la tatu: huchanika pia misuli inayofunga njia ya haja kubwa.
Daraja la nne: mchaniko hupita misuli hiyo, ukafika ndani ya utumbo wa haja kubwa.

Akina mama wengi wanaochanika hupata daraja la kwanza au la pili. Mchaniko mdogo wa ngozi huweza kupona wenyewe. Wa daraja la pili kwa kawaida hushonwa. Daraja la tatu na la nne huwapata wachache, lakini ni hatari. Ni lazima mama ashonwe hospitali na daktari anayeijua kazi hiyo. Asiposhonwa vizuri, huenda akashindwa kuzuia hewa au haja kubwa. Mama huyo huacha kwenda sokoni. Huacha kwenda ngomani na kwenye ibada. Huishi peke yake ingawa ana ndugu.

2. Kwa nini mama huchanika?

Sababu ni nyingi. Hizi ni baadhi yake:

(a) Ni uzazi wa kwanza. Msamba haujapata kutanuka kiasi hicho.
(b) Mtoto ni mkubwa, au amekaa akitazama juu.
(c) Kichwa kimetoka kwa ghafla, msamba haukupata nafasi ya kutanuka polepole.
(d) Mtoto amevutwa kwa chombo kwa sababu uzazi ulikwama.
(e) Mama ana kovu la zamani. Kovu halitanuki kama ngozi nzima. Mama aliyekeketwa ana kovu la namna hiyo.

Tazama sababu hizo tena. Hakuna hata moja inayosema kuwa mama ni mvivu au ni mwoga. Kuchanika si kosa la mama. Basi tusimcheke wala tusimlaumu.

3. Mambo ya kufanya wakati wa ujauzito

Msuka mikeka huloweka ukindu kabla ya kuanza kazi. Ukindu mkavu ukikunjwa hukatika. Ukindu uliolowekwa hukunjika. Mwili wa mama nao huandaliwa kabla ya siku yenyewe kufika.

Kwanza, hudhuria kliniki mapema. Muguzi atapima damu yako. Mama mwenye upungufu wa damu akichanika, hata damu kidogo inayotoka humwelemea. Meza vidonge vya kuongeza damu kila siku kama ulivyoelezwa. Kama ulichanika katika uzazi uliopita, au kama umekeketwa, mwambie muguzi mapema. Usingoje siku ya uchungu. Atakueleza mahali panapokufaa kujifungulia.

Pili, fanya zoezi la misuli ya chini. Kaza misuli kama mtu anayezuia mkojo na hewa kwa pamoja. Usibane pumzi. Hesabu mpaka tano, kisha legeza polepole. Fanya hivyo mara kumi, asubuhi, mchana na jioni. Waweza kulifanya umekaa ukichambua mchele, wala hakuna atakayejua. Zoezi hili huipa misuli nguvu ya kuzuia mkojo. Tena hukufundisha kuilegeza, na kulegeza ndiko kunakotakiwa wakati mtoto anapopita. Usilifanye wakati unakojoa.

Tatu, kanda msamba. Kazi hii huanza mimba ikifika wiki ya 34 au 35, yaani katika mwezi wa nane. Muulize muguzi asome wiki zako kwenye kadi ya kliniki. Mara moja au mbili kwa wiki zinatosha. Fuata hatua hizi:

1. Kata kucha ziwe fupi. Nawa mikono kwa sabuni na maji safi.
2. Nenda haja ndogo kwanza.
3. Kaa mahali pa faragha. Egemea ukuta kwa mto, panua magoti. Au simama, uweke mguu mmoja juu ya kigoda.
4. Paka vidole gumba mafuta safi ya kula, kama mafuta ya nazi au ya alizeti.
5. Ingiza vidole gumba ndani ya uke, kiasi cha sentimita 3 au 4.
6. Bonyeza polepole kuelekea nyuma, kwenye haja kubwa, kisha pembeni. Utasikia ngozi ikivutika na kuwasha kidogo. Tulia hapo kwa muda wa dakika moja, ukipumua taratibu.
7. Endelea kukanda kutoka upande mmoja hadi wa pili, kwa umbo la mwezi mchanga. Dakika tano mpaka kumi zinatosha.

Kama tumbo ni kubwa na hufiki, mume wako aweza kukusaidia kwa vidole vyake vya shahada vilivyo safi, iwapo wewe umeridhia. Ukiumia, mwambie aache.

Je, kazi hii ina faida? Ndiyo. Wataalamu waliwalinganisha wanawake waliokanda na wale ambao hawakukanda. Waliona kuwa wakikanda wanawake wapatao 15, mmoja wao huepuka jeraha la kushonwa ambalo angelipata. Faida hiyo ilionekana zaidi kwa wanaozaa mara ya kwanza. Si ahadi kwamba hutachanika. Ni kupunguza hatari, kama vile chandarua kinavyopunguza malaria.

ANGALIA! Usikande kabla ya wiki ya 34. Usikande kama unatoka damu, kama chupa ya maji imepasuka, kama una vidonda au uchafu unaonuka ukeni, au kama umeambiwa kondo la nyuma limeziba njia. Usitie ukeni dawa za miti shamba, mafuta ya kuchulia wala manukato.

4. Siku ya kujifungua

Soma mazungumzo haya ya mama mjamzito na mkunga wa zahanati.

Mama: Shikamoo, mkunga.
Mkunga: Marahaba, mwanangu. Karibu ukae. Naona siku zako zimekaribia.
Mama: Ndiyo, mkunga. Nimekuja kuuliza. Bibi yangu amenipa dawa ya kuharakisha uchungu. Je, ninywe?
Mkunga: Usinywe. Dawa hizo huweza kuufanya uchungu uwe mkali kupita kiasi. Mji wa mimba waweza kupasuka, ukafa wewe na mtoto. Mwambie bibi nimemshukuru kwa kukujali. Tena mwambie aje akusindikize siku hiyo.
Mama: Nitasukuma lini?
Mkunga: Usisukume kabla njia haijafunguka yote. Nitakupima na kukuambia. Ikifunguka, fuata mwili wako. Ukisikia hamu ya kusukuma, sukuma. Ikipungua, pumzika.
Mama: Na kichwa kikianza kutoka?
Mkunga: Hapo ndipo penye kazi. Utasikia kama moto. Nikikuambia acha kusukuma, fungua mdomo, uheme hivi: ha, ha, ha. Kichwa kitatoka polepole. Mimi nitakishika kisiruke, na mkono wa pili utaulinda msamba.
Mama: Nasikia kuna kuwekewa kitambaa.
Mkunga: Ndiyo. Kitambaa safi kilicholoweshwa maji ya vuguvugu huwekwa kwenye msamba wakati wa kusukuma. Hupunguza michaniko mikubwa.
Mama: Lazima nilale chali?
Mkunga: Si lazima. Waweza kulala ubavu, kuchuchumaa au kupiga magoti, kama hali yako ni nzuri. Mwaka 2018 Shirika la Afya Duniani lilishauri mama aruhusiwe kuchagua mkao wake.
Mama: Na kuongezewa njia, je? Dada yangu alikatwa.
Mkunga: Shirika hilo lilishauri pia tusiwakate akina mama kwa mazoea tu. Hukatwa pale penye sababu, kwa mfano mtoto akichoka na inabidi atoke upesi. Ikibidi, nitakueleza kwanza, nami nitakuchoma ganzi.
Mama: Ahsante sana, mkunga. Moyo wangu umetulia.

5. Baada ya kujifungua

Kabla hujaondoka, mkunga akuangalie vizuri. Muulize: "Je, nimechanika? Ni daraja gani?" Una haki ya kujua. Ukishonwa, una haki ya kuchomwa ganzi kwanza.

Nyumbani, fanya hivi:

(a) Safisha kidonda kwa maji safi kila uendapo haja. Jipanguse kutoka mbele kwenda nyuma.
(b) Tumia vitambaa safi vilivyoanikwa juani. Vibadilishe mara kwa mara.
(c) Kunywa maji mengi, ule mboga na matunda kama papai, ili choo kiwe laini.
(d) Pumzika. Usibebe ndoo ya maji wala mzigo wa kuni. Hiyo sasa ni kazi ya baba na ndugu.
(e) Usilale na mume mpaka damu ikome na kidonda kipone. Wengi hungoja wiki sita.

Katika sehemu nyingi mama mzazi hukandwa kwa maji ya moto. Nia ni njema. Lakini maji ya moto sana huunguza kidonda na kuwadhuru wengi. Usikubali kumwagiwa maji ya moto msambani. Usiweke majivu, chumvi kavu wala majani.

Rudi zahanati upesi ukiona dalili hizi: homa, usaha, harufu mbaya, maumivu yanayozidi, nyuzi zilizoachia, au damu nyingi. Rudi pia kama mkojo, hewa au haja kubwa vinatoka bila wewe kutaka. Yaweza kuwa ni fistula, au ni misuli ambayo haikushonwa vizuri. Fistula hutokea hasa mama anapokaa siku nyingi na uchungu uliokwama. Huo si uchawi wala si adhabu. Ni jeraha, na hutibiwa kwa upasuaji. Hospitali ya CCBRT ya Dar es Salaam inajulikana kwa kazi hiyo.

Kama kijijini kwenu yupo mama aliyejifungia ndani kwa sababu hiyo, huenda hajui kuwa anaweza kupona. Wewe sasa umesoma. Nenda kamweleze.

MANENO YA KUKUMBUKA
msamba – daraja – kovu – ganzi – fistula – kukanda

MASWALI
1. Msamba uko wapi?
2. Taja sababu tatu zinazofanya mama achanike.
3. Kukanda msamba huanza wiki ya ngapi?
4. Ni wakati gani mama hatakiwi kukanda?
5. Kwa nini mama huambiwa aheme badala ya kusukuma kichwa kinapotoka?

JAZA NAFASI
1. Kabla ya kukanda, kata ______ na nawa mikono.
2. Kabla ya kushonwa, mama huchomwa ______.
3. Fistula si uchawi, ni ______.

YA KUZUNGUMZA KIKUNDINI
Kijijini kwetu mama mzazi hupumzika siku ngapi kabla ya kuanza kubeba maji na kuni? Nani amsaidie? Mkubaliane, kisha mwandike maazimio yenu ubaoni.