Ziara ya Masomo si Matembezi



Siku hizi mtoto wa kidato cha tano huweza kurudi nyumbani na barua ya shule. Barua inasema: "Darasa litakwenda ziara ya masomo. Kila mzazi achangie nauli na chakula." Wazazi wengine hushtuka. Husema, "Yaani niuze gunia la mahindi ili mtoto akatembee?" Swali hilo ni la haki. Leo tulijibu pamoja.

Ziara ya masomo ni nini?

Ni darasa linalofanyika nje ya kuta za shule. Mwanafunzi hulifuata somo mahali lilipo. Sisi wakulima tunalijua jambo hili. Bwana shamba akitueleza kwa maneno tu nafasi ya kupanda mahindi, tunasahau. Akitupeleka shamba la mfano, tukapima kwa kamba, tunashika.

Mfano wa Bagamoyo

Tuchukue wanafunzi wa historia na jiografia. Wanakwenda Bagamoyo, mkoa wa Pwani, na swali moja: Kwa nini miji ya pwani ilihama?

Kwanza wanafika Kaole, kusini kidogo ya Bagamoyo. Hapo pana magofu ya misikiti na makaburi ya mawe ya zamani sana. Kaole ilikuwa bandari. Leo mbele yake kuna tope na msitu wa mikoko. Majahazi hayawezi kufika. Basi biashara ilihamia Bagamoyo.

Bagamoyo ilikuwa mwisho wa njia ya misafara. Wapagazi walitembea kwa miguu kutoka Ujiji na Tabora, wamebeba pembe za ndovu. Watumwa nao walipitishwa njia hiyo. Baadaye Wajerumani walifanya Bagamoyo makao ya serikali yao. Lakini mwaka 1891 walihamia Dar es Salaam. Sababu moja kubwa wanafunzi huiona kwa macho: maji yakipwa, vyombo hukaa juu ya mchanga. Meli kubwa hazikuweza kukaribia. Dar es Salaam ina bandari yenye kina.

Mwanafunzi aliyesimama kwenye tope lile hatasahau jibu.

Ziara nzuri ina sehemu tatu

1. Kabla ya safari: Mwalimu anafundisha somo na kutoa maswali. Kila mwanafunzi anajua anakwenda kutafuta nini.

2. Wakati wa safari: Wanafunzi wanatazama, wanapima, wanauliza wenyeji kwa adabu na kuandika.

3. Baada ya safari: Kila mmoja anaandika taarifa. Darasa linajadili. Mwalimu anasahihisha.

Sehemu ya kwanza na ya tatu zikikosekana, hiyo si ziara ya masomo. Ni matembezi tu, na fedha ya mzazi imepotea.

Mzazi afanye nini?

Usikatae haraka, wala usitoe fedha bila kuuliza. Nenda shuleni, uulize: Wanakwenda kujifunza nini? Nani atawaangalia njiani, na gari ni zima? Fedha zitatumikaje? Je, mtoto asiye na uwezo ataachwa?

Swali la mwisho ni zito. Si vizuri somo liwe la wenye fedha peke yao. Kamati ya shule inaweza kupanga mapema, wazazi wachange kidogo kidogo. Tena si lazima kwenda mbali. Kinu cha kuchambua pamba, bwawa, mnada wa ng'ombe au korongo lililochimbwa na mvua, vyote ni masomo. Huko watoto huenda kwa miguu.

Mtoto akirudi, mwambie akusomee taarifa yake. Au isome mwenyewe, maana sasa unajua kusoma. Ukiona ameandika habari za chakula na nyimbo za kwenye basi tu, rudi shuleni ukaulize.

Maswali ya kujadili

1. Kwa nini biashara ilihama kutoka Kaole?
2. Taja sehemu tatu za ziara nzuri.
3. Katika kijiji chenu, ni mahali gani panapoweza kuwa somo kwa wanafunzi? Nani awaeleze?